Mlipuko wa Tisa Nilioutamani

Nasikia siku hizi watu wazima, wenye kazi zao na miwani yao, wanakwenda semina kufundishwa kuvuta pumzi. Mjukuu wangu ndiye aliyeniambia, akidhani nitacheka. Sikucheka. Mimi nilifundishwa kuvuta pumzi miaka ya hamsini, nimekaa juu ya kasha tupu la baruti kando ya barabara ya Mbeya kwenda Chunya, na aliyenifundisha alikuwa mtunza stoo. Basi kaeni niwaeleze, na msinikatize, maana nikikatizwa napoteza njia halafu naanza kuwagombeza bure.

Kazi yangu ilikuwa fundi baruti. Ninyi mnabonyeza kidude mkiwa mbali, mnakunywa soda, mlima unashuka. Sisi tulikuwa na utambi. Mwamba unatobolewa kwa tindo na nyundo, mmoja anashika tindo na kuizungusha, mwenzake anapiga, na anayeshika anaomba Mungu anayepiga asiwe ameamka na usingizi. Tundu likishaingia ndani vya kutosha, unaweka baruti, unaweka fataki, ile ndogo ya shaba inayoamsha baruti, utambi unautoa nje, kisha unashindilia udongo kwa mti. Kwa mti, nasema. Nilimfukuza mtu kwa kushindilia kwa chuma, maana chuma kinatoa cheche, na leo ningemfukuza tena. Ukimaliza unawasha tambi moja moja, unaondoka kwa miguu yako. Hukimbii, maana anayekimbia anajikwaa.

Sasa hapo ndipo kazi inapoanza. Unajificha nyuma ya jiwe na kuhesabu. Tambi tisa, milipuko tisa, na fundi anahesabu kwa sauti ili wote wasikie. Hesabu ikitimia, anapiga firimbi mara mbili, watu wanarudi kuondoa mawe. Isipotimia, hakuna kusogea saa nzima, na baada ya saa hiyo fundi anakwenda peke yake kutazama. Firimbi inakaa shingoni mwa fundi na haipigwi na mtu mwingine yeyote, awe Mzungu, awe nani.

Mambo haya nilifundishwa kwetu Iringa, mji ambao ukitaka kujenga choo unaanza kwa kupasua jiwe. Mwalimu wangu alikuwa mzee tuliyemwita Babu Fataki, kwa sababu alikuwa anabana fataki kwenye utambi kwa meno yake badala ya koleo. Alikufa kitandani mwake, meno yote yamo. Msimwige, yeye alibahatika tu. Yeye ndiye aliyenionya kwamba baruti zile zikigusa ngozi zinaleta kichwa cha kupasuka, na kwamba ukikaa Jumapili nzima bila kuzigusa, Jumatatu kichwa kinaanza upya. Kwa hiyo mafundi tulikuwa tunapaka kidogo ndani ya kofia, ili mwili usizisahau. Nimekaa kanisani kwetu, kwa Walutheri, mwinjilisti anasoma neno, na mimi nimepakata kofia yenye baruti. Mungu ni mvumilivu sana.

Nilipohamishiwa Mbeya tulikuwa tunapanua barabara kule juu milimani, penye mashamba ya viazi ya Wasafwa, baridi inakamata mpaka vidole havikunji. Mwenzangu wa kutoboa alikuwa Ambilikile, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa maneno mengi. Kila asubuhi aliniuliza kama mbwa wa kambini bado yupo au nimeshamla, ule utani wa kutuita sisi Wahehe wala mbwa, mnaujua. Nami nilimwambia aende akale ndizi kwa mama yake. Tulipendana. Msimamizi wetu alikuwa Mzungu tuliyembatiza Bwana Haraka, na sina haja ya kueleza kwa nini.

Sasa nifike penye ubaya. Ilikuwa Jumamosi. Jumamosi lori lilikuwa linashuka Mbeya saa tisa mchana, na anayelikosa anabaki na baridi mpaka Jumatatu. Mke wangu alikuwa amekuja kutoka Iringa, amefikia kwa dada yake mjini, na sikuwa nimemwona kwa miezi miwili. Tulikuwa na matundu tisa. Nikawasha, nikaenda nyuma ya jiwe, Ambilikile ubavuni pangu, nikahesabu. Moja, mbili, mpaka nane. Halafu kimya. Nasikia injini ya lori imeshawashwa. Nangoja. Kisha kutoka ng'ambo ya korongo ikaja sauti nzito, ya mbali. Nikasema, "Tisa," nikapiga firimbi.

Vijana, ule ulikuwa mwangwi. Mlipuko wa nane uligonga mwamba wa ng'ambo ukarudi. Nilikuwa nimeusikia mwangwi ule kila siku ya kazi, naujua kama ninavyojua kikohozi cha baba yangu. Hata leo siwezi kuwaambia kwamba nilidanganya, wala siwezi kuwaambia kwamba sikudanganya. Sikio lilitaka tisa, likapata tisa.

Jumatatu asubuhi Ambilikile alikuwa anaondoa mawe. Akapiga sururu mahali palipokuwa na baruti iliyolala. Mkono wa kulia ukaenda, chini kidogo ya kiwiko. Tulimfunga kwa shati langu, tukampakia lorini kwenda hospitali, na mimi nikasimama mbele ya Bwana Haraka.

"Jumamosi ulisikia ngapi?"

"Tisa, bwana."

"Una hakika?"

"Tisa."

Ikaandikwa kwamba ni ajali. Ambilikile akapona, akarudi kambini baada ya muda, akapewa bendera nyekundu ya kusimamisha magari. Utani uliisha. Alikuwa akinipa ishara ya kazi na bendera yake na zaidi ya hapo hakusema kitu, wala hakukaa karibu nami. Sikujua anajua nini. Hilo la kutojua ndilo lililonila.

Mkono wangu ukaanza kucheza. Nikishika kiberiti, njiti inagonga huku na huku kama kipofu anatafuta mlango. Nikaanza kuhesabu kila kitu. Mbuzi njiani, vifungo vya shati la mtu, beti za wimbo kanisani, nikimaliza naanza upya nikidhani nimekosea. Mlango ukibamizwa naingoja sauti inayofuata. Chakula hakipiti. Mke wangu akanitazama akasema nimekuwa mtu wa kusikilizia kaburi. Nilikuwa na hakika kwamba siku moja nitapiga firimbi tena bila haki, na safari hiyo mtu hatapoteza mkono, atakufa.

Aliyeniona ni mtunza stoo ya baruti, Bwana Nanda. Watu kambini walidhani ni Mhindi, kumbe ametoka kisiwa cha Seloni, hiki mnachokiita Sri Lanka, na alikuwa mfuasi wa Budha. Hakula nyama, hakugusa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, chai yake haina maziwa. Kabla ya kulipua alikuwa anapanda juu ya mwamba na kijiti, anawafukuza mijusi, na akikuta kinyonga anambeba mpaka kwenye majani. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mtu anayetoa makasha ya baruti asubuhi, mchana anahamisha kinyonga! Nilimuuliza. Akasema jiwe haliumii, kinyonga anaumia, akaendelea kunywa chai.

Kila asubuhi mimi naye tulipima utambi. Tunakata kipande, tunakiwasha, yeye anatazama saa kujua unaungua kwa kasi gani, maana kasha na kasha hayafanani. Ni desturi nzuri, na mkiwa na kazi yoyote ya hatari mtafute ya namna hiyo. Asubuhi moja nilivunja njiti nne. Ya tano akaichukua mkononi mwangu.

"Fundi Lameki," akasema, "mchana ukishakula uje hapa stoo."

Nilidhani ananifukuza. Kumbe aliweka makasha mawili matupu nje, akanikalisha kwenye moja.

"Funga macho. Pumzi ikiingia, jua kwamba inaingia. Ikitoka, jua kwamba inatoka. Kila ikitoka, hesabu. Ukifika kumi rudi moja. Ukipotea rudi moja."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Ila usihesabu pumzi ambayo haijaja."

Sikufika nne. Kwenye tatu nilikuwa tayari kule kwenye mawe, na shati langu lenye damu. Nikafungua macho, nikamwambia siwezi. Akasema, umejuaje kwamba huwezi? Nikasema nimepotea. Akasema aliyejua kwamba amepotea ameshaamka, usijitukane, rudi moja. Nikarudi moja. Mchana ule nilirudi moja labda mara mia, na nikaenda kazini nimechoka kuliko mtu aliyetoboa mwamba.

Mke wangu aliposikia alikuja juu.

"Lameki, sasa unaabudu pumzi?"

"Siabudu. Nahesabu."

"Kuhesabu si ndiko kulikokuharibu?"

Nikampelekea Bwana Nanda swali, kama anataka niache dini yangu. Alicheka kweli siku hiyo. Akasema yeye ni mtunza stoo, akianza kugeuza watu dini nani atabeba makasha? Jumapili nikaenda kanisani kama kawaida, nikaimba kwa sauti zaidi, nisije nikaonekana vibaya.

Alinifundisha kidogo kidogo, kila mchana neno moja. Alisema Budha wao hakuanza na Mungu wala na mbingu, alianza na dhiki. Maisha yana dhiki. Dhiki ina mzizi, na mzizi ni kung'ang'ania, kutaka kilichopo kiondoke na kisichokuwepo kiwepo. Mzizi huo unaweza kung'olewa, na ipo njia ya kuung'oa, ndani yake mna kusema vizuri, kutenda vizuri, kufanya kazi isiyodhuru, kuangalia kwa makini kinachopita ndani yako. Aliposema "kutaka kisichokuwepo kiwepo", jasho likanitoka na baridi ile. Nilihisi ameniona nyuma ya lile jiwe.

Kuna viapo vitano wanavyoshika hata watu wa kawaida. Kutoua. Kutochukua usichopewa. Kutochezea mke wa mtu. Kutosema uongo. Kutokulewa. Kwenye hicho cha mwisho nikacheka, nikamwambia kwetu Iringa msimu wa ulanzi angebaki peke yake kijiji kizima. Kwenye cha nne nilikuwa nimetazama viatu vyangu.

Siku nyingine aliniambia nisiseme "naogopa". Niseme "hofu imekuja", halafu niitazame imekaa wapi.

"Imekaa tumboni," nikamwambia.

"Kubwa kiasi gani?"

"Kama chungu cha maharage."

"Itazame tu. Usiifukuze, usiikaribishe chai."

Nikaitazama. Baada ya muda nikamwambia imehamia kooni. Akasema basi si mali yako, ingekuwa mali yako isingehama bila ruhusa. Kwamba kila kitu kinakuja na kupita, hofu, furaha, maumivu ya goti, hata huyu Lameki ninayemlinda sana anabadilika kila pumzi. Hili la mwisho sikulielewa vizuri, na sitajifanya nalielewa leo. Lile la kooni nalielewa.

Zoezi lililonishinda ni la kuwatakia watu heri. Unaanza na wewe mwenyewe, niwe salama, niwe na amani. Halafu mtu unayempenda, halafu mtu usiyemjua, halafu yule mliyekoseana. Nilipita vizuri mpaka wa tatu. Nikifika "Ambilikile awe salama", nafungua macho, naomba nirudi kazini. Bwana Nanda hakuniuliza kitu. Nilitamani aniulize na niliogopa aniulize, vyote viwili kwa pamoja, kila mchana.

Msinielewe vibaya. Hofu haikuondoka. Anayewaambia kwamba ukikaa na kupumua hofu inaisha, mwambieni awashe tambi tisa kwanza. Kilichobadilika ni kwamba nilianza kuiona ikija, kama unavyoona lori kwenye kona ya juu, na mkono ukatulia kiasi cha kuwasha kiberiti. Kisha Bwana Nanda akahamishiwa Iringa, kwenye stoo nyingine. Siku ya kuondoka aliniachia majani ya chai, akaniambia utambi wa kasha jipya unaungua upesi, niwe mwangalifu. Hatukuonana tena.

Haukupita mwezi, tukaambiwa mkubwa fulani atapita na gari lake kwenda Chunya alasiri, na mwamba umeziba nusu ya njia. Bwana Haraka alikuwa mwekundu tangu asubuhi. Matundu manane. Nikawasha, nikajificha, nikahesabu. Saba. Nikangoja. Ukaja mwangwi, nikaujua kwamba ni mwangwi. Kimya.

"Nane," akasema Bwana Haraka. "Piga firimbi."

"Nimesikia saba, bwana."

"Miwili imelia pamoja. Wote wamesikia."

Akawageukia watu. Wakasema nane. Wote, vijana, hata waliokuwa wamefunika masikio kwa mikono yao miwili. Siwalaumu, walitaka kumaliza, walitaka kumridhisha. Ambilikile alikuwa amesimama barabarani na bendera yake, mbali kidogo.

"Inawezekana miwili ililia pamoja," nikasema. "Inawezekana mmoja umelala. Mimi sijui. Tungoje saa nzima."

"Ukingoja saa nzima, kesho utavunja kokoto."

Nikakaa juu ya jiwe, nikaishika firimbi kwa mkono. Sikukaa kwa ujasiri, msidhani hivyo. Moyo ulikuwa unapiga mpaka shati linatikisika. Pumzi inaingia, inatoka, moja. Hofu imekuja. Aibu imekuja. Hapo ndipo nikaona jambo ambalo sijawahi kulisahau. Dakika kama ishirini zilipopita, nilianza kuusikia mlipuko wa nane. Kichwani. Kila nikikumbuka, ulikuwa wazi zaidi, baada ya wa sita, mfupi, umefunikwa kidogo na wa saba. Ulikuwa unatengenezwa palepale ndani yangu, mbele ya macho yangu, na ulikuwa mzuri, na nilikuwa nautaka kama mtu mwenye kiu. Ningetoka pale nikaapa mahakamani kwamba niliusikia. Nikaelewa ile Jumamosi ilivyokuwa. Nikarudi moja.

Saa ikaisha. Nikaenda peke yangu, nikiinua jiwe moja moja kwa mkono. Nilichukua muda mrefu. Tundu la nane lilikuwa tupu. Lilikuwa limelia vizuri kabisa, pamoja na jirani yake, kama Bwana Haraka alivyosema. Nikapiga firimbi mara mbili, watu wakaja wakicheka, mmoja akaniuliza kama masikio yangu nimeyapaka baruti. Gari la mkubwa lilingoja kwenye bendera muda mrefu. Kesho yake nikapelekwa kwenye kokoto, na nilivunja kokoto miezi minne kabla hawajanirudishia firimbi.

Siku ya pili ya kokoto, wakati wa chakula, Ambilikile akaja, bendera ameibana kwapani. Akakaa kwenye lundo langu, karibu, goti kwa goti.

"Juzi wamekucheka," akasema.

"Wamenicheka."

"Na tundu lilikuwa limelia."

"Lilikuwa limelia."

Akatazama barabarani. Mimi nilikuwa nimeshika nyundo na siwezi kuiweka chini.

"Ile Jumamosi, Lameki, ulisikia ngapi?"

Pumzi ikaingia. Nilijua inaingia. Hofu ilikuwa tumboni, kubwa, na nikaiacha ikae. Ikatoka pumzi.

"Nane," nikasema. "Nilisikia nane na mwangwi. Nikasema tisa. Na Bwana Haraka aliponiuliza, nikasema tisa tena. Nisamehe, ndugu yangu."

Aliponigeukia macho yalikuwa yamejaa, na nilidhani atanipiga, na ningemwacha.

"Na mimi nilisikia nane," akasema. "Si nilikuwa ubavuni pako? Ukasema tisa, nikafurahi, nikakimbilia lori. Jumatatu nilipoinua sururu nikakumbuka. Nikajiambia, ah, si Lameki amesema tisa."